Behewa la Dagane

Mzee Dagane alikuwa fundi seremala wa reli huko Nairobi karibu maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ndugu zake Garissa walimtarajia arudi na ng'ombe, au angalau mtaji wa duka. Alirudi na behewa.

Lilifika juu ya trela refu, limevuliwa magurudumu, limefungwa maturubai yaliyojaa vumbi jekundu la barabara. Garissa haina reli na haijawahi kuwa nayo, kwa hiyo mji mzima ulitoka kutazama. Wengine waliuliza kama reli sasa inakuja. Wengine walimhurumia mkewe. Dagane alilishusha kwenye kiwanja chake karibu na mto Tana, chini ya mikoche, akalilaza juu ya mataruma, magogo ya kulazia reli, aliyokuwa ameyapakia kwenye trela lile lile, kisha akaomba maji ya kunywa.

Halikuwa behewa la abiria wa kawaida. Lilikuwa limetengenezwa katika miaka ya ishirini kwa ajili ya mzungu mmoja tajiri wa mkonge, aliyetaka kwenda pwani na kurudi bila kukaa karibu na mtu yeyote. Ndani mlikuwa na sebule, meza ya kulia, vyumba viwili vya kulala, jiko, na bafu lenye hodhi la shaba. Kuta zote zilikuwa za mbao za msaji. Vioo vya juu vya madirisha vilichongwa maua. Mapaa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine, hewa ikipita katikati, hata jua la Garissa lilishindwa kuifanya sebule ile tanuri. Mzungu alipokufa, wakubwa wa reli walilitumia kwa ziara zao. Baada ya uhuru lilisukumwa pembeni ya karakana lingoje kuvunjwa. Dagane, aliyekuwa akilikarabati tangu akiwa mwanagenzi, aliomba auziwe bodi lake. Wakubwa walicheka, wakamwuzia.

Bintiye mkubwa, Fowsiya, alizaliwa katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, na akakulia humo. Ni yeye aliyemshikia baba yake taa wakati wa kukaza parafujo, na ni yeye aliyejifunza kuzilisha mbao mafuta ya kitani kabla ya kiangazi na kusugua shaba kwa ndimu na majivu. Mzee alipofariki, behewa lilimwangukia yeye, si kwa maandishi bali kwa sababu hakuna mwingine aliyelijali. Akafungua hoteli ndani yake. Miaka ya tisini ilileta malori mengi ya misaada yaliyokwenda Dadaab na Liboi, na madereva walipenda kula wali na nyama ya mbuzi wakiwa wameketi kama wakubwa. Walimwita Mama Behewa. Aliwawekea sheria: viatu vivuliwe mlangoni, sufuria ya moto isiwekwe mezani, na sigara ivutwe nje.

Koome, mwendesha katapila kutoka Meru aliyekuwa akifanya kazi na kambi ya ujenzi wa barabara, alivunja sheria ya tatu. Siku moja, akiwa katikati ya hadithi yake, alizima sigara juu ya meza. Fowsiya alimnyang'anya sahani mkononi.

"Toka."

"Mama, ni alama ndogo tu!"

"Toka na usirudi."

Koome alitoka amebeba viatu vyake, madereva wenzake wakimcheka. Hakurudi.

Aliyemsumbua zaidi Fowsiya alikuwa mdogo wake, Abdilatif, mfanyabiashara wa mifugo. Huko Nairobi alikuwa amekutana na mtu wa kutengeneza samani aliyetaka msaji wa zamani, kiasi chochote.

"Abaayo, sisemi tulitupe," alimwambia dada yake. "Nasema tulifungue vizuri, ubao kwa ubao. Baba alituachia sote."

"Basi chukua kiwanja chote. Niachie behewa."

"Na utaliweka wapi? Hewani?"

Kiwanja cha kando ya mto ndicho pekee walichokuwa nacho. Walibishana hivyo mwaka mzima wa tisini na saba, hadi mvua ikawakatiza.

Ilianza Oktoba na haikukoma. Redio ziliiita Elnino. Watu waliozoea kuiomba mvua walianza kuiomba iache. Barabara ya Nairobi ilikatika, ya Dadaab ikawa ziwa, na Tana, uliokuwa umetulia chini kabisa kwenye kingo zake, ulipanda ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba miti mizima na mizoga ya mbuzi. Majirani wa Fowsiya wakahama, mmoja baada ya mwingine, na mikeka kichwani.

Asubuhi maji yalipoingia kiwanjani, Abdilatif alifika na vijana wanne wenye misumeno na nyundo.

"Sasa hakuna la kubishana," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amelowa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Maji yakilifika, tutakosa wewe na mimi. Tutoe mbao tunazoweza leo."

Fowsiya aliketi kwenye kizingiti cha mlango.

"Hakuna msumeno unaopita hapa."

"Fowsiya, litachukuliwa na mto!"

"Halitachukuliwa. Litahama."

"Kwa miguu gani?"

"Ngoja hapa. Msiguse kitu. Nakuomba kwa jina la baba, Abdilatif, usiguse kitu hadi nirudi."

Alijifunga shuka kiunoni, akashika njia ya kambi ya barabara, matope yakimfika kwenye mashavu ya miguu. Alimkuta Koome chini ya bati, akicheza karata peke yake. Katapila ilikuwa nje, imelowa, haina kazi kwa kuwa barabara yenyewe haikuwepo tena.

"Nataka univutie behewa," Fowsiya alisema. "Hadi kule juu kwenye machimbo ya muramu wenu wa barabara."

Koome aliweka karata chini. "Wewe ndiye uliyenifukuza kama mbwa mbele ya watu."

"Nilikufukuza. Na ukizima sigara tena mezani pangu nitakufukuza tena. Lakini leo nimekuja kukuomba."

Koome alitoa kicheko ambacho huenda hakukikusudia.

"Mashine si yangu, Mama Behewa. Dizeli si yangu. Bosi yuko ng'ambo ya maji, hata redio haimpati. Nikiharibu kitu, kazi sina."

"Najua. Siwezi kukuahidi kwamba hutafukuzwa."

"Halafu lile ni la mbao. Nikilivuta nitabaki na mlango tu mkononi."

"Juu ni mbao. Chini lina vyuma viwili virefu, toka mwanzo hadi mwisho. Ukifunga mnyororo kwenye vyuma, mbao hazitajua kama zinavutwa."

Koome alisimama, akachungulia mvua, akalaani kwa Kimeru, kisha akaenda kuwasha mashine.

Waliporudi, maji yalikuwa yamefika kwenye mataruma. Abdilatif alikuwa ameketi penye kizingiti alipoketi dada yake, na vijana wake walikuwa wamesimama tu. Hakuwa amegusa kitu.

"Mna misumeno," Fowsiya aliwaambia vijana. "Kateni mikoche ile. Tunataka magogo ya mviringo ya kuliviringisha."

Vijana walimtazama Abdilatif. Abdilatif aliitazama katapila, akaitazama tena, kama mtu anayefanya hesabu asiyoipenda. Kisha akavua shati.

"Mmesikia," alisema. "Kateni."

Tatizo lilikuwa mnyororo. Nafasi kati ya behewa na ardhi ilikuwa finyu, nusu yake imejaa maji, na Koome alikuwa mtu mnene. Alipojaribu kuingia alikwama mabegani. Abdilatif alikohoa, akasema kuna nyoka. Wote walikuwa wamewaona asubuhi hiyo wakiogelea kutafuta pakavu. Fowsiya hakungoja kijana ajitolee. Alichukua ncha ya mnyororo, akalala kwa tumbo, akajivuta ndani. Maji yalimfika kidevuni. Alipapasa chuma cha kwanza, akapitisha mnyororo, akasogea kwa cha pili. Kitu laini kilipita juu ya mkono wake na akaubana mdomo hadi kikaenda zake. Alipotokea upande wa pili alikuwa na tope hadi kwenye kope, na mnyororo ulikuwa umefungwa.

"Vuta!" alimpigia Koome kelele. "Bole bole!" aliongeza kijana mmoja, akimaanisha polepole, na hakuna aliyecheka matamshi yake.

Katapila ilinguruma. Mnyororo ukakaza. Behewa lililia, mlio mrefu wa mbao kavu ambazo hazijasogea kwa robo karne, na kwa kitambo Fowsiya aliamini kwamba Koome alisema kweli, litafumuka lote. Kioo kimoja kilipasuka. Kisha likatoka juu ya mataruma, likatua juu ya magogo kwa kishindo, na likaanza kwenda.

Kila walipopita gogo, vijana walilitoa nyuma na kulikimbiza mbele. Abdilatif alikuwa mmoja wao, amepoteza ndala moja, akipiga kelele kuliko wote. Kwenye mwinuko wa kutokea kiwanjani, nyuma ya behewa ilizama. Baraza ndogo ya nyuma, ile yenye vyuma vilivyosokotwa ambako mzungu alikuwa akisimama kuvuta hewa, ilinasa kwenye kisiki. Koome alisimamisha mashine.

"Nikivuta itakatika."

"Na usipovuta?"

"Maji yanatufikia."

Fowsiya alikwenda akaishika baraza ile kwa mikono miwili. Ndipo baba yake alipopenda kukaa jioni. "Vuta," alisema. Ikakatika. Baada ya muda mfupi mto uliichukua, na hawakugeuka kuitazama.

Magharibi behewa lilikuwa juu kwenye machimbo ya muramu, limeinama kidogo upande mmoja. Koome alikunywa chai tatu mfululizo, miguu mitupu, akaondoka bila kusema neno kuhusu malipo wala kuhusu bosi.

Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kazi imekwisha. Lakini wiki hiyo hiyo familia zilizokimbia mto zilipanda machimboni kwa sababu ndiyo sehemu iliyokuwa kavu, na Fowsiya alifungua milango. Aliwaweka ndani kina mama wenye watoto wadogo, Shamso akiwa mmoja wao. Wanaume walikaa chini ya maturubai. Miongoni mwa kina mama alikuwa pia Rahmo, binti wa jirani yake, aliyekuwa amejifungua muda si mrefu. Alilala na kichanga chake kwenye hodhi la shaba, juu ya mablanketi, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na joto. Hakuna aliyekumbuka sheria ya viatu.

Mifugo ikaanza kufa kwa homa, na wakubwa wa afya wakakataza watu kula nyama. Ndege zilileta mahindi na maharage. Mahindi na maharage hayaliwi mabichi, na maji ya mto hayakunyweka bila kuchemshwa. Mkaa ulikwisha. Kuni zote za nchi ile, iliyozoea kukauka, zilikuwa zimelowa hadi kwenye kiini. Zilitoa moshi tu.

Asubuhi moja Fowsiya alisikia mkwaruzo chumbani. Alimkuta Rahmo amepiga magoti, akikongoa ubao wa ukutani kwa kisu.

"Unafanya nini?"

Rahmo hakuficha kisu. "Eddo, shangazi yangu, watoto wanahara. Yule wa Shamso hawezi hata kulia. Tumewapa maji ya mto hivi hivi. Nitafanya nini?"

Fowsiya alimpokonya kisu. Alitoka kwa hasira kabla hajasema neno la kujutia. Alizunguka machimbo yote, akashuka hadi kwenye vichaka, akavunja tawi hili na lile, akalinusa, akalitupa. Kila kitu kilikuwa maji. Alikaa juu ya jiwe. Alimfikiria baba yake akipaka mafuta kwenye ubao ule ule, kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayempaka mtoto. Alimfikiria pia mtoto wa Shamso asiyeweza kulia. Hakukaa sana.

Aliporudi alichukua sanduku la vifaa vya mzee.

"Kuta haziguswi," aliwaambia wanawake. "Kuta ndizo zinazoshika paa, na paa ndilo linalotufunika. Tutaanza na viti. Vikiisha, meza. Meza ikiisha, milango ya vyumba. Nitakata mimi mwenyewe."

Na alikata yeye mwenyewe. Viti vilikwenda upesi. Ilipofika zamu ya meza, aliipindua, akafungua parafujo zake moja moja badala ya kuipiga shoka. Abdilatif alikuwa amesimama mlangoni.

"Meza hiyo peke yake..." alianza.

"Shika upande ule, walaal. Isimwangukie mtoto."

Aliishika. Waliikata pamoja, kila mmoja upande wake wa msumeno, bila kutazamana. Msaji ulishika moto mara moja, moto safi wenye harufu nzuri, na sufuria zikachemka. Mtoto wa Shamso alikunywa maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari. Siku iliyofuata alilia, na kilio chake kiliwafurahisha wote.

Milango ndiyo iliyomwuma zaidi. Baba yake aliwahi kumwonyesha jinsi ilivyofungwa bila sauti, kama kitabu. Aliichoma yote miwili. Mfungo wa Ramadhani uliwakuta bado wako machimboni, wakifuturu uji uliopikwa kwa vipande vya mwisho vya kabati la jikoni.

Maji yaliposhuka, watu walirudi kuona kilichobaki. Kiwanja cha Dagane hakikuwepo. Mto ulikuwa umekila pamoja na mikoche iliyobaki na mataruma, na sasa ukipita mahali palipokuwa na nyumba. Hapakuwa tena na cha kugawana isipokuwa behewa, na Abdilatif hakulitaja tena lile jambo la Nairobi. Wazee wa ukoo walikubali behewa likae machimboni. Koome alihamishwa Isiolo, si kufukuzwa; alipopita kuaga alivua viatu bila kuambiwa.

Katikati ya mwaka wa tisini na nane alikuja mgeni kutoka jumba moja la makumbusho la Nairobi, mwanamke aitwaye Wilkister, aliyesikia habari za behewa kutoka kwa madereva. Alilipima, akapiga magoti kutazama vyuma vya chini, akapitisha kidole kwenye vioo vya maua, akaketi sakafuni kwa kuwa hapakuwa na kiti.

"Lilikuwa na pacha," alisema. "Yalitengenezwa mawili. La pili lilivunjwa miaka mingi iliyopita. Hili ndilo limebaki. Mama, turuhusu tulichukue. Litakuwa chini ya paa, litalindwa, litaandikwa jina la baba yako."

Fowsiya aliona ni jambo zuri, na mgeni alilisema kwa moyo safi.

"Watu watakula ndani yake?"

"Hapana. Tutaweka kamba. Watalitazama kutoka nje."

Fowsiya aliangalia ukuta ambako kisu cha Rahmo kilikuwa kimeacha mkwaruzo. "Basi hapana. Samahani, dada. Umetoka mbali."

"Nikikuachia, sitaweza kukupatia msaada wa ofisi. Limepoteza vitu vingi. Watasema si kamili."

"Si kamili, kweli," Fowsiya alisema. "Nitalikamilisha."

Wilkister hakukasirika. Alilala hapo usiku mmoja, akala anjera, akaondoka na basi la asubuhi. Baada ya wiki kadhaa basi lile lile lilileta kifurushi kizito: bawaba na vitasa vya shaba vilivyotolewa kwenye behewa pacha, alivyovikuta ndani ya kreti stoo.

Garissa haina msaji. Ina miarobaini. Fowsiya alinunua magogo mawili, akayapasua mbao, akaziacha zikauke kivulini, akatoa randa ya baba yake. Abdilatif, ambaye biashara yake ya mifugo ilikuwa imekufa pamoja na mifugo, alikuja siku moja kutazama na akabaki. Hakuwa na mkono wa useremala. Alipiga randa kana kwamba anagombana na ubao.

Walipomaliza mlango wa kwanza, waliutundika kwa bawaba za pacha. Fowsiya aliusukuma. Ulikwenda hadi nusu, ukakwaruza sakafu, ukakwama.

"Umefaa," Abdilatif alisema, akifuta jasho. "Mtu akiusukuma kwa nguvu, unafunga."

Fowsiya aliufungua, akaufunga, akausikiliza. Kisha akaokota bisibisi.

"Shika chini," alisema. "Tunautoa. Tunaanza upya."